Simu Inayotangulia

Mtaani kwetu, nyumba yenye waya wa shaba hupata simu ikishapigwa. Yenye faiba huipata saa chache kabla haijapigwa, na haijawahi kukosea. Hatushangai tena: mgeni hajavaa hata viatu, wewe ushabandika chai.

Mume wangu Kibwana aling'ang'ania shaba. "Inachelewa," alikuwa akisema, "lakini haitangulii." Mimi nilichoka kuvamiwa na wageni sina hata unga ndani. Jana nikaita fundi, akang'oa shaba, akatuwekea faiba.

Asubuhi hii simu ya kwanza ikaita. Alikuwa mdogo wangu Hidaya, analia.

"Pole, dada. Ndiyo kwanza tumesikia. Shemeji alikuwa mtu wa watu. Tunakuja wote jioni."

Nikageuka. Kibwana alikuwa mezani, anapuliza chai yake isiyo na sukari, kama daktari alivyoagiza.

"Nani huyo?"

"Hidaya. Wanakuja jioni."

"Wangapi?"

"Wote," nikasema. Nikachukua kopo la sukari, nikamtilia kijiko cha kujaa, kisha kingine.

Akanitazama, akatabasamu. "Leo umenihurumia."