Mfuko wa Aproni

Fusae aliilaza gemu yake ya mkononi ya zamani juu ya ile mpya aliyoletewa na mwanawe. Ile ndogo, iliyochubuka rangi kwa miaka tisa ya kubebwa, ilikaa pale kama mtoto kifuani kwa mama.

"Kioo kikubwa hivi, mama, hata miwani huhitaji."

Kweli, herufi zilisomeka zote. Akajaribu kuitia ile kubwa mfukoni mwa aproni, mahali ile ndogo ilipopanda kila asubuhi alipokwenda kucheza na wenzake kwenye benchi la muuza tofu ya soya. Ikagoma.

"Haiingii."

"Ndiyo maana nikainunua. Tangu uanguke kwenye ngazi za stesheni, mizunguko basi. Kaa hapa ucheze." Akaupigapiga mto mpya wa kukalia, zawadi yake ya pili.

"Nikae?"

"Ukae, mama. Una miaka themanini na moja!"

Fusae akaenda kuleta mkasi. Akaiweka gemu kubwa juu ya mto, akaipima, akaongeza vidole viwili vya mshono.

"Mama! Mto mpya huo!"

"Kitambaa chake imara, kitafaa mfuko," alisema, akikata. "Wewe una macho mazima. Hebu nitungie sindano, nasubiriwa."