Gauni la Bafta

Katika ukoo wa Mwatime, wanawake walijinunulia sanda wangali vijana, maana saratani ya ovari haikuwa imemwacha hata mmoja azeeke. Vipimo vilionyesha kwamba naye amerithi hatari hiyo. Asubuhi alimwambia daktari, "Zitoe ovari zote mbili, zingali nzima." Aliporudi nyumbani akaitoa sandukuni bafta ya sanda yake, akaitia mkasi.

"Wifi! Unakata sanda?" alimaka Zamda, dada wa mumewe.

"Nashona gauni. Nitatoka nalo hospitali."

Jioni alilivaa mbele ya kioo, kidevu juu. Lilimkaa sawasawa. Akalivua, akaifumua mishono ya ubavuni na kuishona upya, akiunga ndani kitambaa kilichobaki, cha kulipanulia atakapokuwa bibi mnene.