Jiwe Linalokataa Maji

Tone la maji lilisimama juu ya jiwe kama shanga, na wageni watatu wakapiga makofi.

"Mnaona?" alisema bosi wangu, mhandisi. "Kule chini kwenye kisima cha gesi maji hung'ang'ania mwamba, yakaziba njia ya gesi. Jiwe tulilolipaka dawa yetu linayakataa."

Mgeni mkubwa akatoa kalamu. Akisaini mkataba wa kuinunua dawa hiyo, maabara yetu inabaki. Asiposaini, yatatukuta yale ya kiwanda cha maturubai, hapa hapa Morogoro, nilikofanya kazi miaka kumi na tisa hadi kikauzwa na sisi tukarudishwa nyumbani.

Kule hatukuwa tukiamini tone. Hata turubai lililopakwa dawa mbovu husimamisha tone siku ya kwanza. Tulikuwa tunalisugua turubai kwa kidole gumba mara tatu, ndipo tunalimwagia maji. Dawa ya kweli huvumilia kidole.

"Mama Eufrazia," mgeni akaniita, "wewe ndiye uliyelipaka jiwe hili dawa. Unasemaje?"

Bosi akanikazia macho.

Nikalifuta jiwe. Nikalisugua kwa gumba mara tatu, chembe zake zikinikwaruza ngozi, kisha nikadondosha maji kwa bomba la sindano.

Tone likasimama. Bosi akashusha pumzi. Kalamu ikagusa karatasi, na macho yote yakaifuata.

Mimi peke yangu nilibaki nikilitazama jiwe. Lilikuwa linakunywa maji, taratibu, kama shamba kavu la Gairo kwenye mvua ya kwanza.

Nikaushika mkono wa mgeni, kalamu isiendelee.