Mwisho Milioni Tisa

Namba kumi na saba ikapanda tena.

"Huyu hana adabu," Shamsia alisema. "Ongeza."

Editha, mwenye chumba cha intaneti pale Msamvu, alibonyeza kwa kidole kimoja, wakasubiri kompyuta ifikirie. Shamsia alijifunga upya khanga kiunoni kama mtu anayetaka kushika jembe.

Kampuni moja ya Dar ilikuwa inanadi lori dogo aina ya Kenta, limetoka Japani, liko bandarini. Mnada wote ulikuwa humo kwenye kompyuta. Ukishaweka dhamana benki unapewa namba, na jina lako halionekani. Inaonekana namba na bei tu. Asubuhi walianza watu wengi. Sasa walibaki wawili, Shamsia na huyu.

"Atakuwa nani?" Editha aliuliza.

"Mansuri. Nani mwingine?"

Mansuri ndiye aliyemsafirishia kabichi zake kutoka Mgeta kwenda Dar. Tangu biashara ifunguliwe na kila mwenye gari ajipangie bei, alipandisha nauli kila mvua iliponyesha, na Mgeta mvua hainyeshi kidogo. Aliposikia Shamsia anataka lori lake mwenyewe alimcheka mbele ya wachuuzi. "Mama Shamimu, anza na baiskeli kwanza."

Lakini si Mansuri aliyekuwa akimnyima usingizi. Kwao Waluguru mali ya mwanaume ina wenyewe, nao ni watoto wa dada yake. Watoto wa Shamsia walipaswa kumtegemea mjomba wao, ila mjomba hawakuwa naye, maana mama yao alizaliwa peke yake. Baba yao akifumba macho, Shamimu na wadogo zake wangebaki na mikeka. Kwa hiyo kiwanda kilipouzwa na Mwinjuma kupunguzwa kazini, Shamsia alimkalisha mumewe chini. Kiinua mgongo chake na fedha za kabichi zinunue lori, na kadi ya gari iandikwe jina la Shamsia.

Mwinjuma hakubisha. Alisikitika tu kwamba kiwandani walikuwa wamemlipa nusu, nusu nyingine bado wanamzungusha. Hata dada yake, Hafidha, alipotania, "Wifi, kaka yangu umemfunga kwa kamba ya katani," yeye alicheka akasema mwenye akili ya biashara ni mkewe.

Asubuhi hiyo alimpa sharti moja. "Mwisho milioni tisa. Mnada una shetani wake. Ukifika hapo, achia."

Sasa milioni tisa ilikuwa kwenye kioo, na aliyeitaja alikuwa namba kumi na saba. Shamsia akampigia mumewe simu.

"Tumefika mwisho, Baba Shamimu."

"Basi, mke wangu. Riziki haikuwepo. Umeshaachia?"

"Bado."

"Achia sasa hivi. Umeachia?"

Salio likaisha, simu ikakatika.

Editha alikuwa ameshaondoa mkono. "Pole, mama."

"Pole ya nini? Nani kafa?"

Kingolwira kulikuwa na kiwanja chake, alichokinunua kwa jasho lake kabla hajaolewa. Alikusudia kumjengea mama yake vyumba viwili. Jirani wa pale alikuwa akimbembeleza amuuzie tangu Ramadhani. Mama alikuwa amezoea kusubiri, angesubiri tena.

"Ongeza."

"Mama, hapa si sokoni. Ukishinda usipolipa, dhamana yako imekwenda."

"Editha, nimekuja kubofyewa au kushauriwa?"

Editha akabonyeza. Namba kumi na saba ikajibu papo hapo. Shamsia akaongeza, ikajibu. Walipovuka kumi na moja ilianza kuchelewa, kama mtu anayepapasa mifuko. Kwenye kumi na mbili ikanyamaza. Saa ya kwenye kioo ikashuka taratibu mpaka ikaisha.

"Limekuwa lako," Editha alisema kwa sauti ya msibani. "Kwa bei hiyo ungepata lori na tela."

"Ninalo lori. Tela sikuomba."

Alitoka akiwa na hamu ya kumwona Mansuri uso kwa uso. Alimkuta karibu na stendi, chali chini ya lori lake, miguu tu ndiyo iko nje.

"Umetoka kwenye kompyuta saa ngapi?" Shamsia aliiuliza ile miguu.

"Kompyuta gani, mama? Springi imenivunjikia tangu alfajiri. Nipe hiyo spana hapo."

Mkono uliojaa grisi mpaka kwenye kiwiko ulitokeza, akaupa. Njia nzima hadi nyumbani alitembea bila kuitikia salamu vizuri.

Mwinjuma alikuwa amekaa kibarazani. "Umeachia?" aliuliza kabla mkewe hajavua viatu.

"Nimeshinda."

Hakucheka. Shamsia akamweleza bei, akamweleza na kiwanja. Kadiri alivyoeleza ndivyo Mwinjuma alivyozidi kutazama njiani badala ya kumtazama yeye.

"Nilikwambia mwisho tisa."

"Uliniambia. Nimekosa, najua. Lakini ni lori la wanao, Mwinjuma. Hasira yako nitaibeba."

Mwinjuma alifuta jasho usoni kwa kiganja, akasema ana kiu. Shamsia akaingia ndani kumchotea maji, akipanga maneno ya kumwomba radhi vizuri zaidi.

Kata ilikuwa bado mtungini aliposikia ndara zikikimbia uani. Alikuwa Hafidha, anahema kama aliyetoka mjini kwa miguu.

"Kaka, ile nusu ya fedha zako za kiwandani iko benki palepale, na dhamana yetu ya namba kumi na saba imerudi yote," alisema. "Ulisema wifi akifika tisa ataachia. Hakuachia."