Kadi ya Celina

Kyaruzi aliibandua kadi ukutani kwa mara ya tatu, akaitupa mezani mbele ya Evelyne.

"Nimeshasema hii haiingii."

Evelyne aliiokota akaibandika tena, safari hii kwa gundi. Ukuta mzima wa ofisi yao ya Buhembe ulijaa kadi kama hizo, kila moja na sentensi ya mtu akieleza anachotaka kwenye mfumo mpya wa kusajili mauzo ya vibanja, yale mashamba ya migomba ambamo familia huishi. Nyingi zilitungwa hapo hapo ofisini, watu wakinywa chai. Yeye aliifuata yake Buganguzi, kwa mjane aitwaye Celina, akaiandika njiani akirudi. Ilisema:

"Kama mjane, nataka kuulizwa kwa simu kabla kibanja hakijauzwa, ili nikatae bila kusafiri mpaka Muleba."

"Utaratibu uliopo unatosha," Kyaruzi alisema. "Mjane anafika mwenyewe ofisini, anaweka dole gumba mbele ya afisa. Basi."

"Kwa nauli ya nani? Wewe umewahi kukaa na mjane hata mmoja?"

Kyaruzi aligeukia kompyuta yake, na hilo likazidi kumpandisha Evelyne hasira. Watu wa namna hii walimchosha. Wanawajengea wanyonge vitu bila kuwasikiliza. Yeye alikaa na Celina mkekani nusu siku. Mama wa watu alisema kwa sauti ya chini, "Waitu, mwanangu, ndugu wa marehemu wanataka kuuza. Mume wangu amezikwa pale. Nitakwenda wapi na wanangu?" Alipoombwa namba ya simu aliingia ndani, akarudi nayo imeandikwa kwenye kipande cha karatasi.

Evelyne alimruka Kyaruzi, akaipeleka kadi mwenyewe kwa wafadhili wa mradi. Wakampigia makofi. Sharti la kufika ofisini likafutwa, jibu la simu likatosha.

Mfumo ulikuwa haujamaliza mwezi tangu uanze kazi. Ombi la kuuza kibanja cha Celina likaingia, na ujumbe ukaondoka kwenda kwenye namba yake: bonyeza moja kukubali, mbili kukataa. Evelyne akamwita Kyaruzi.

"Njoo uone mjane anavyokataa."

Jibu lilirudi kabla Kyaruzi hajavuta kiti. Moja.

Evelyne aliipigia namba ile hapo hapo. Amekubali vipi mwanamke huyu, baada ya yote niliyompigania? Alikuwa tayari kumfokea.

Simu ikapokelewa na mwanamume.

"Celina yuko migombani, yeye hana simu," alisema kwa upole. "Mimi ni shemeji yake. Tunawashukuru sana, dada. Mwaka jana tulimpeleka ofisini, akatukatalia mbele ya afisa."