Utitiri wa Gogo la Nyumba

Kila asubuhi, kabla hata ya kuteleka chai, Mkawasi alifanya kama sheria ilivyotaka. Aliwapangusa kwa brashi laini nyuki weusi waliozaliana ndani ya gogo la nyumba, mmoja mmoja, mpaka utitiri wote waliowang'ang'ania wadondoke kwenye sahani ya maji. Nyuki wa asili walikuwa wamebaki wachache, na ilikatazwa wabebeshwe mdudu mwingine.

"Hao utitiri ndio wanaowafagilia nyuki nyumba, mwanangu," mama mkwe wake, Wawuda, alizoea kumwambia. "Wanakula ukungu. Ukiwamaliza, gogo litaoza."

Leo mkaguzi wa serikali alikuja, akalipasua gogo, wakakuta watoto wa nyuki wamekufa wote, wamefunikwa na ukungu mweupe. Mkaguzi hakushtuka. Aliandika kwamba nyumba imetii, akaahidi kuleta gogo jingine. Kisha akamgeukia Wawuda, aliyekuwa kwenye kigoda akichambua mchicha kwa vidole vilivyopinda.

"Na huyu mzee, hapa anafanya kazi gani?"

Brashi ilikuwa bado mkononi mwa Mkawasi. Aliificha nyuma ya kanga.

"Anatufagilia nyumba," alisema.

"Ndivyo wanavyosema wote," mkaguzi akajibu kwa upole, akaanza kumwandika Wawuda kwenye safu ya utitiri.