Nyoka Mwenye Shingo Nzima

Katika makaburi ya mabwana, kila nyoka aliyechongwa kati ya herufi za maandishi ya ukutani hukatwa shingo kwa patasi, asije akaamka akamgonga marehemu. Na ni mkono uliomchonga tu uwezao kumkata. Hori, mchongaji, alikwisha kuwakata wote, ila mmoja, juu ya kichwa cha jeneza.

Mwana wa marehemu aliinua taa. "Mzee Hori, macho yamekwisha? Huyu umemsahau."

"Sikumsahau, bwana."

Kando ya nyoka huyo palisomeka: *Sikumpiga mnyonge.* Hori aliyachonga maneno hayo kwa amri, kwa mikono ileile iliyomfukia binti yake, aliyekufa kwa viboko vya marehemu, kisa mtungi uliovunjika.

"Baba atagongwa milele! Mkate, ama nikufungie naye humu."

Hori akaiweka patasi sakafuni taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi ya siku.

"Nifungie."

Kijana akaishusha taa. Ukutani, kivuli cha nyoka kikainua kichwa.

"Basi angalau piga magoti," kijana akanong'ona, "umwombe baba radhi."

"Simwombi."